SHANGAZI HATAKI MATANGA YA MAPEMA

Wiki hii naomba tuyaweke kando kidogo yale mambo yetu ya mapenzi. Nipo Nansio kwa shangazi yangu. Ana kansa ya titi.

Jamani, watu wa kwetu wana roho nzuri, ila wengine wakija kumwona mgonjwa unadhani wamekuja msibani. Wanakaa mkekani, wanaguna, wanatikisa vichwa. Juzi mmoja kaanza kulia hata hodi hajamaliza! Shangazi akamtazama, akasema, "Mwenzangu, mbona matanga mapema? Ukimaliza kulia nisaidie kuanua dagaa, mvua hiyo inakuja."

Nilicheka mpaka basi. Usiku sasa, nikamkuta mwenyewe analia jikoni. Nikamwambia, "Shangazi, jipe moyo." Weee! "Moyo ninao," akanijibu. "Leo nina hofu, niache nilie. Kesho tutauza dagaa." Nilinywea kama kifaranga kilichonyeshewa. Kumbe ile "jipe moyo" yangu nilitaka anyamaze ili mimi nipate usingizi.

Na matibabu yenyewe si lelemama. Meli mpaka Mwanza ni kama saa tatu, halafu kilima cha Bugando kinakungoja. Dripu zimemnyonyoa nywele zote. Afadhali siku hizi hata mionzi ipo palepale Bugando. Miaka ya 1990 mgonjwa wa huku akiandikiwa mionzi ilibidi asafiri zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli tu ilikuwa ugonjwa wa pili. (Wewe dada unayesoma hapa, ukigusa kinundu kwenye titi usingoje kianze kuuma. Nenda kapimwe. Shangazi alingoja.)

Kinachomchangamsha hasa ni mashoga aliowapata wodini, mmoja wa Geita, mwingine wa Musoma. Walishikiana mabeseni ya kutapikia, sasa wanapigiana simu kuulizana nani kala, nani kalala, nani kaota nywele. Sisi wa nyumbani tunampenda, lakini kuna mambo hatuambii ng'o. Wale anawaambia.

Jana jioni simu ikalia. Yule wa Musoma kaota nywele! Shangazi akavua kitambaa, akapapasa kichwa, akaniita, "Mtoto wa kaka, hebu mulika hapa." Nikamulika tochi. Karibu na sikio nikaona vinywele vitatu, vinne hivi.

Akanituma soda, tena za nyumba nzima.