Tusiogope Vilima vya Nyanza Kusini Wakati wa Vuli

Watalii wengi huja Homa Bay na Migori mwezi Agosti au Desemba, kisha wenyeji husubiri. Naona Oktoba na Novemba ni miezi mizuri ya kupanda vilima vya Gwassi na Mlima Homa. Nyasi huchipua, nafasi za kulala ni rahisi kupatikana, na waongoza wageni vijijini hupata kipato msimu ambao wengi wamewasahau.

Watasema mvua itaharibu safari. Hoja hiyo ina uzito, kwani udongo mweusi wa bonde la Lambwe ukilowa hunasa hata magari madhubuti, na radi kileleni si ya kuchezewa. Lakini huku ukanda wa ziwa, mvua kubwa za vuli mara nyingi hunyesha alasiri. Anayeanza kupanda alfajiri na kushuka kabla ya adhuhuri hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Siku ya mawingu mazito, aende Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila saruji, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Na kuhusu matope, serikali za kaunti ziweke changarawe kwenye barabara za kwenda maeneo haya kabla ya Oktoba.