Picha ya Bi Harusi ni Amana, Hata Ikiwa Kwenye Simu ya Fundi



Nawaandikia kutoka Sumbawanga, huku juu Ufipa kwenye baridi, ambako nashona magauni ya harusi na abaya. Leo siongelei mishono. Naongelea simu, maana chumba cha kupimia nguo siku hizi kimehamia humo na wengi wetu hatujakitundikia pazia.

Biashara za ushonaji kama yangu hazina tena banda moja lenye mafundi wote. Mwenye kazi yuko mjini, fundi mmoja yuko Laela, mwingine Matai, na wa kushona shanga yuko Namanyere analea mtoto mchanga huku kazi ikiendelea. Nguo zinapanda basi, vipimo na maelekezo vinapita WhatsApp. Ni rehema kubwa kwa mwanamke kuingiza riziki bila kutoka nyumbani, wala sitaki turudi nyuma.

Lakini tazama kinachosafiri. Mwari amejipiga picha mbele ya kioo bila mtandio ili fundi aone bega lilivyokaa. Kifua, kiuno na nyonga vimeandikwa kwa inchi, na juu yake jina kamili, namba ya simu na tarehe ya harusi. Angekuja dukani tungefunga mlango tukampima wanawake peke yetu. Kwenye simu, picha ileile inaingia yenyewe kwenye albamu, na simu hiyo mtoto anachezea gemu, shemeji anaiazima apige mara moja, kioo kikipasuka inaachwa kwa fundi simu siku mbili pamoja na namba ya kuifungulia.

Kuna dada watasema WhatsApp imefungwa, hakuna anayeweza kuona. Kweli, ujumbe umefungwa ukiwa njiani. Ukishafika, ulinzi wake ni wa yule aliyeishika simu.

Mimi lawama siipeleki kwa fundi wa Namanyere. Naipeleka kwetu sisi wenye biashara. Tunamtumia fundi kazi kwenye simu yake binafsi, pengine ndiyo simu pekee ya nyumba nzima, halafu tunashangaa picha imezagaa. Kabla hujanunua cherehani ya tatu, mnunulie fundi wako simu ya kawaida ya kazi, yenye laini yake na namba ya kufungulia anayoijua yeye tu. Na usimwambie alete simu yake binafsi uikague. Suratun Nur aya ya 27 inatukataza kuingia nyumba za watu bila idhini, na simu ya mtu siku hizi ni nyumba yake.

Jambo kubwa zaidi halihitaji hata senti: usitume kisichohitajika. Fundi wa shanga anahitaji kujua shingo ya gauni, hahitaji shingo ya mwari. Mpe kila gauni namba, chora mshono kwenye karatasi, andika vipimo, piga picha hiyo karatasi na umtumie. Jina na simu ya mteja vibaki kwenye daftari lako. Ikilazimu picha ya mtu, kata kichwa kwanza. Ile picha ya kutazamwa mara moja ni nzuri, ila haizuii simu nyingine kuipiga pembeni, na fundi huwa anahitaji kurudia kutazama. Mimi karatasi imenitosha.

Sasa fedha, na hapa nitasema bila kuona haya. Zamani mtu akisikia Sumbawanga alikuwa anatania habari za radi na uchawi. Siku hizi ripoti za TCRA zimeutaja mkoa wetu wa Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa vinara wa majaribio ya ulaghai wa simu. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" sote tumewahi kuupata. Kwa biashara ya harusi una sura yake. Mtu anakupigia kwa adabu, anadai ametuma kwako namba sita kwa bahati mbaya, umsomee. Ukimsomea, ameichukua WhatsApp yako. Anawaandikia mabibi harusi wako wote, kwa jina lako na picha yako ya duka, wamalizie pesa ya gauni kwenye namba mpya. Nani atakataa, na harusi ni Ijumaa?

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili, wewe na kila fundi wako. Hapo mwizi akipata zile namba sita bado ataulizwa namba ya siri uliyoiweka mwenyewe. Papo hapo fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kama kuna kompyuta usiyoijua, iondoe. Fundi akiacha kazi fanya hivyohivyo siku ileile, na ubadilishe nywila ya Instagram, maana najua mnaitumia watu wanne nywila moja. Malipo yapokee kwa lipa namba yenye jina la biashara, na umwambie mteja tangu siku ya kwanza kwamba namba haitabadilika kwa ujumbe. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040.

Sheria nayo ipo. Huku bara Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inataka taarifa za mtu zitumike kwa lile jambo alilozitolea na zisikae kuliko inavyohitajika. Sisi tulishaambiwa zamani, Suratun Nisaa aya ya 58, amana zirudi kwa wenyewe. Gauni tunalirudisha limepigwa pasi. Picha je? Kufuta kwa wote kwenye WhatsApp kuna kikomo cha siku mbili na ushei. Ukipita, kila aliyeipokea afute kwake, kwenye albamu pia, na pipa la taka la simu limwagwe.

Nawe bi harusi, usione aibu kuuliza. Muulize fundi wako ni nani watakaoiona picha yako, iko kwenye simu ngapi, na itafutwa lini. Akikasirika, vipimo vyako chukua, mafundi wapo wengi.