TAMKO LA TAWI: KIBALI KWANZA, TOFALI BAADAYE



Kwa wiki kadhaa sasa mazungumzo ya tawi letu yamekuwa juu ya banda la gari la mwenzetu mmoja. Alilijenga uani kwake, kando ya nyumba. Lilipofika kwenye lenta likapigwa X nyekundu na yeye akapewa barua ya kusimamisha ujenzi. Wapo wanaosema anaonewa kwa sababu ya chama chake. Wapo wanaosema kajitakia. Kamati imekaa, imeisoma barua, na huu ndio msimamo wetu.

*1. Banda la gari ni jengo.* Wengi tunaamini kibali ni cha nyumba tu, na kwamba vitu vya uani vinaingia humo humo. Haviingii, isipokuwa kama vilichorwa kwenye ramani iliyopitishwa. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 inataka idhini ya mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza ardhi kwenye eneo la mpango. Kwa hiyo barua ile haikutungwa kwa ajili ya mtu mmoja. Tukiita kila X siasa, siku tutakayoonewa kweli hatutasikilizwa.

*2. Karatasi zisichanganywe.* Barua ya serikali ya mtaa inakutambulisha tu. Mwenyekiti wa mtaa hatoi kibali cha ujenzi. Kodi ya majengo tunayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni kodi, haihalalishi jengo. Hata hati ya kiwanja inathibitisha umiliki tu. Kibali kinatoka halmashauri, na maombi siku hizi yanapitia mfumo wa TAUSI.

*3. Sharti lina maana yake.* Mabanda yetu tunayasukuma mpaka kwenye ukuta wa jirani. Mvua ikinyesha, maji ya bati yanaangukia kwake. Wengine wanajenga juu ya karo, halafu gari la kunyonya majitaka halina pa kupita. Walio kando ya barabara kuu na za mkoa wakumbuke kuwa hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Huko hata kuomba ni kupoteza muda.

*4. Tupige hesabu.* Tuseme banda limekula shilingi milioni 6. Likibomolewa, hukupoteza milioni 6 tu. Ongeza fundi wa kubomoa, ongeza gari la kubeba kifusi, na kama fedha ni ya mkopo, ongeza riba utakayoendelea kulipa kwa kitu ambacho hakipo. Gharama ya mchoro na ada, hata ikikuuma, inalipwa mara moja na kuisha.

Hayo ni kwa upande wetu. Lakini tawi hili si msemaji wa halmashauri, na upande wa pili nao una deni.

Mtu anayetaka kuegesha gari moja anatakiwa kuandaa michoro na nyaraka kana kwamba anajenga ghorofa. Ada haijabandikwa popote mtu wa kawaida anapoweza kuisoma. Akiuliza majibu yatatoka lini, anaambiwa "njoo wiki ijayo". Katika pengo hilo ndipo anapotokea kijana wa "nitakusaidia", anayepokea fedha bila risiti. Halafu lori la mchanga linamwaga mchana kweupe, msingi unachimbwa, kozi zinapanda, na hakuna mkaguzi. Rangi nyekundu inafika ukuta ukishasimama. Kumzuia mtu kwenye msingi ni kumwokoa. Kumngoja afike kwenye lenta ni kumfilisi.

Kwa hiyo tumemwomba diwani wa kata yetu apeleke mambo manne kwenye Baraza la Madiwani:

- Ada za vibali zibandikwe kwenye ofisi za kata na mitaa.
- Halmashauri iandae ramani za mfano za mabanda madogo, mwananchi achague moja.
- Kila mwombaji apewe tarehe ya majibu kwa maandishi, na akikataliwa apewe sababu.
- Ukaguzi ufanyike wakati wa msingi.

Kuhusu mwenzetu: asiongeze hata tofali moja. Apeleke maombi sasa, akiambatanisha mchoro unaoonyesha umbali kutoka mpakani. Wajumbe wawili wa Kamati watafuatana naye. Asitoe hata shilingi moja bila kumbukumbu namba ya malipo na risiti ya serikali. Na ninyi mlio na matofali uani tayari, njooni ofisi ya tawi Jumamosi saa 4 asubuhi na nakala ya hati au leseni ya makazi, tuangalie pamoja kabla ya kumwita fundi.

Tunawasilisha.

Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji