Usiilaumu namba, muulize karani

Nipo likizo nyumbani Mfaranyaki, hapa Songea, na leo nina hasira kidogo.

Jana kijiweni mada ilikuwa sensa. Kaka mmoja, tena mhitimu, akaandika kwenye karatasi 61,741,120, idadi ya Watanzania ya sensa ya 2022. Akasema: "Oneni, inaishia na sifuri, inagawanyika kwa 2, 4, 5, 7, 8, 10. Idadi ya watu inaweza kukaa vizuri hivi? Hii wamepika." Watu wakacheka, wakaamini. Mimi kwa heshima nikanyamaza. Usiku nikachukua kalamu.

Tuanze na sifuri. Katika kila namba kumi zinazofuatana, moja inaishia na sifuri. Katika kila saba, moja inagawanyika kwa 7. Sasa muujiza uko wapi? Ukiichambua yote unapata 64 × 5 × 7 × 43 × 641. Sensa ya 2012 ilitoa 44,928,923: namba witiri, haigawanyiki kwa 3, 5 wala 7. Kwa hiyo makarani wa 2012 ndio walikuwa waaminifu zaidi? Wapi!

Na kama kaka anataka vioja, ninavyo vikubwa kuliko vyake. Hiyo 641 ndiyo Euler aliyoitumia mwaka 1732 kuonyesha kwamba 4,294,967,297, ambayo Fermat aliidhani namba tasa, siyo tasa. Halafu tarakimu nne za mwanzo, 6174, ni namba maarufu ya Kaprekar, mwalimu wa shule kule India. Chukua mwaka wa sensa, 2022. Panga tarakimu kuanzia kubwa, kisha toa zilezile zikipangwa kuanzia ndogo: 2220 − 0222 = 1998. Rudia na jibu: 8082, 8532, 6174! Yaani mwaka wa sensa unatupeleka kwenye jibu la sensa. Njama hiyo?

Hamna kitu. Jaribu na mwaka wako wa kuzaliwa (sifuri ya mbele usiitupe). Namba yoyote ya tarakimu nne, ilimradi zisifanane zote, inafika hapo hapo, haizidi hatua saba. Ukitafuta ishara kwenye namba kubwa huzikosi. Lakini tabia za namba ni za namba, hazijui karani aligonga mlango upi.

Unataka kuipinga sensa? Ruksa. Uliza kama karani alifika kwenu, nani alirukwa, nani alihesabiwa mara mbili. Hayo ndiyo maswali, maana madarasa na dawa hupangwa kwa idadi hiyo. Ukiwazoesha watu kucheka sifuri, siku idadi ikipikwa kweli hawatajua waangalie wapi. Na wengi wetu tunasomea ualimu, jamani!

Kesho narudi kijiweni na karatasi yangu. Nitaanza na "shikamoo kaka", halafu 2022.