Wacheni kukopi miadi, kopi haijui kitu

Alhamisi ya kliniki, shosho aliamka saa kumi na moja asubuhi. Akaoga, akajifunga leso mpya, akakataa chai kwa sababu siku ya kupimwa damu huwa hali kitu. Dadangu akamshika mkono, wakapanda vichochoro kutoka huku kwetu Silanga, upande wa bwawa, mpaka barabarani, wakachukua boda. Walipofika waliambiwa maneno matano tu: jina lako lilikuwa la Jumanne.

Tarehe nyingine, wiki tatu mbele. Dawa zake za presha zilikuwa zimebaki za siku nne. Zingine tukanunua dukani kwa pesa iliyokuwa ya kodi ya nyumba, na hiyo stori sitaendelea nayo.

Jioni nilimrukia dadangu. Kwani hukuangalia kalenda? Akaniwekea simu usoni: Alhamisi, saa mbili asubuhi, kliniki ya shosho, na rangi ya waridi juu. Nikatoa yangu. Jumanne. Miadi ileile, jina lilelile, mpaka ile alama ya moyo niliyoweka mwenyewe mbele ya neno shosho ilikuwepo kwa simu zote mbili. Siku ndizo zilikuwa tofauti.

Sasa sikia vile ilienda. Wiki mbili kabla, kliniki walinipigia wakasema wameisongesha. Nikaibadilisha kwa simu papo hapo nikiwa kazini, nikajiona mtu wa maana sana, mtu wa mipango. Sikumwambia yeyote. Ningemwambia nani na nimebadilisha kwa kalenda? Kitu sikujua ni kwamba dadangu alikuwa amechoka kuona kalenda yangu. Nilikuwa nimemfungulia aione yote, na imejaa mechi, deni za watu na shughuli zangu za kamera. Kwa hivyo alichukua ile miadi moja ya shosho, akaikopi ikaingia kwa kalenda yake, akaipaka rangi anayopenda, halafu akaificha yangu. Ni vidole vitatu tu, kazi ya nusu dakika. Na hakuna kosa alilofanya, programu yenyewe ndiyo ilimpa hicho kitufe.

Usiku huo nilikaa kitandani na simu mbili nikajaribu. Nikaweka miadi ya uongo kwangu, nikaikopi kwake, nikarudi kwangu nikaisongesha. Kwake haikutikisika. Nikaifuta kwangu kabisa. Kwake bado iko, imekaa pale imetulia, inangoja kumkumbusha mtu kitu ambacho hakipo.

Nimekasirika tangu siku hiyo, na hasira yangu nataka kuigawa.

Wa kwanza ni sisi wenyewe. Tumezoea kufikiri kukopi ni kushiriki. Si kushiriki. Ukikopi miadi kwa Google Calendar, umetengeneza miadi mpya ambayo haina uhusiano wowote na ile ya kwanza. Ni kama umepiga picha ya chungu cha githeri, halafu kesho unashangaa mbona picha haijaiva. Mtu akikualika ukubali, au akikufungulia kalenda yake ukaiacha wazi, akibadilisha saa hata wewe unabadilishiwa. Hiyo ni waya iliyounganishwa. Kopi ni waya iliyokatwa, na ubaya wake ni kwamba inafanana na ile nzima. Haina alama ya kukuonya. Haikuambii nilitoka kwa nani, lini, na kama mwenyewe bado ananitambua.

Na mtaani tuna kopi mbaya kuliko hiyo: skrinishoti. Kila grupu la WhatsApp niliko, ratiba inatumwa kama picha. Mazoezi ya timu, mafunzo ya bure ya kompyuta, siku ya kusafisha mto, kikao cha basari. Picha inatumwa Jumapili, Jumanne mambo yanabadilika, picha nyingine inatumwa, na katikati mtu amesambaza ile ya kwanza kwa magrupu mengine sita. Alhamisi unakuta vijana kumi wamesimama nje ya mlango uliofungwa. Halafu aliyepanga anaandika, "Vijana wetu hawako serious." Buda, walikuja! Walikuja kwa ile siku uliyowapa. Wewe ndiye ulihama bila kuwaambia.

Hii kitu ya kuitwa watu wa kuchelewa imeniudhi miaka. Sikatai, kuna wasee wa kuchelewa, na nawajua, na mmoja ananidai nimngoje sahii ninapoandika. Lakini nusu ya kuchelewa ninayoona Silanga si uvivu. Ni tarehe iliyopita mikono mitano na kila mkono ukaikopi upya.

Saa ndiyo mbaya zaidi. Sisi tuna saa mbili kichwani na hakuna mtu huongea hiyo maneno. Saa nne asubuhi ya kinywa chako ni saa kumi kwa simu. Kila mara unapohamisha miadi kutoka mdomoni kwenda kwa kalenda, lazima uruke masaa sita, na unaruka ukiwa kwa matatu, muziki juu, kondakta anakudai. Msee wa ploti yetu aliambiwa kwa simu aende kuonana na mtu wa kazi "saa tatu". Akaandika 3. Kalenda haikuuliza, ikaweka saa tisa mchana, kwa sababu kalenda haijui Kiswahili hata ukibadilisha lugha yake ikawa Kiswahili. Majina ya siku yatageuka, Monday itakuwa Jumatatu, lakini saa inabaki ya Kizungu. Msee alifika saa nane na nusu akiwa amepiga pasi, akijua amewahi. Hiyo nafasi ilikuwa imeshapata mwenyewe tangu asubuhi.

Shosho yeye alishatatua hiyo shida zamani. Ukimwambia saa, anauliza, "Ya kwangu ama ya simu yako?" Tulikuwa tunamcheka. Siku hizi simcheki.

Na wewe unayefanya kazi za mtandao usinione naongea ya wazee. Tuseme una kikao na mteja wa New York kila Jumatano, saa nne asubuhi yao. Wakati wa kiangazi chao, hiyo ni saa kumi na moja jioni hapa Nairobi. Wakirudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, inakuwa saa kumi na mbili. Sisi huku hatugusi saa mwaka mzima. Ukikubali mwaliko wake, kalenda inajua kikao ni cha New York na inakusongeshea yenyewe. Lakini ukikopi kwa mkono, ukaandika "mteja, kumi na mbili jioni" na ukaweka ijirudie kila wiki, basi Jumapili ya pili ya Machi wao wanasongesha saa mbele, na Jumatano inayofuata unaingia kikaoni ukiwa umechelewa lisaa lizima. Utamwambia nini? Ati stima zilipotea? Alishasikia hiyo ya stima.

Hata sikukuu zinatucheza. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa Moi Day, ikawa Utamaduni Day, sasa ni Mazingira Day. Hiyo haina madhara kwa sababu tarehe ni moja. Lakini Idd, je? Hapa Kibera tuna majirani Wanubi, na rafiki zangu wa Makina watakuambia: Idd ya mwaka jana ukiikopi uipeleke mwaka huu umekosea kwa kama siku kumi au kumi na moja, na hata ukihesabu vizuri bado mwezi uonekane. Huo mwezi haukopiki. Unangoja kama watu wengine.

Wa pili kwa hasira yangu ni hizi kampuni kubwa. Zamani Google Calendar ilikuwa inatuma ukumbusho kwa SMS. Januari 2019 wakazima, kwa maelezo kwamba ukumbusho wa ndani ya programu unatosha. Unatosha nani? Shosho ana mulika mwizi. Ile simu ina tochi, ina redio, inakaa na chaji siku nne, na inaweza kupokea SMS popote kuanzia hapa mpaka kijijini. Huo ndio ukumbusho wa pekee ambao ungemfikia yeye mwenyewe bila kupitia kwangu wala kwa dadangu, na mtu mahali fulani aliamua kwamba umepitwa na wakati. Badala yake tukapewa kitufe cha kukopi, bila hata laini moja ya kusema: ukibonyeza hapa, mabadiliko hayatakufuata.

Kuna dada anasuka nywele hapa karibu na kwetu. Ana daftari moja la mazoezi, limefungwa na kamba kwa mguu wa meza. Ukitaka nafasi unaandikwa humo, ukihama unakatwa kwa kalamu na unaandikwa pengine. Ukitaka kujua kama uko, unakuja ama unampigia, anafungua. Hakuna mtu ana kopi ya hilo daftari. Mtu akimwuliza amtumie picha ya ukurasa anakataa, nilidhani ni maringo. Enyewe, sijawahi kusikia wateja wawili wamegongana kwa kiti chake. Sisi na simu zetu tatu kwa familia moja tulishindwa na daftari la shilingi chache.

Najua mtasema nini. Data ni ghali. Sawa, lakini kalenda ni maandishi matupu. Ile video moja uliyotazama asubuhi ingebeba miadi ya mtaa mzima, na miadi ikishaingia kwa simu itakukumbusha hata ukiwa huna data. Ila ukweli uko hapa pia: ukikaa siku tatu bila mtandao, mabadiliko yatakungoja nje ya mlango. Kwa hivyo kama kitu ni kikubwa, mtu apige simu. Mimi sikupiga. Hilo ni langu na nimeshamwomba dadangu msamaha, mbele ya shosho, na si rahisi kumwomba dadangu msamaha.

Mtasema pia hamtaki watu waone mambo yenu. Hata mimi sitaki, na dadangu hakutaka kuona yangu, ndiyo maana alikopi. Mimi ndiye nilikosea mwanzo kwa kumfungulia maisha yangu yote ili apate kitu kimoja cha shosho. Dawa yake ni kutenga. Nilienda saiba, nikaingia kwa akaunti yangu kwa kompyuta, nikafungua kalenda mpya inaitwa Shosho, haina kitu kingine ndani. Nikaishiriki na dadangu na binamu yetu mkubwa, nikawapa ruhusa ya kubadilisha, si kuangalia tu. Ilinichukua kama dakika kumi. Dadangu ameipaka ile rangi yake ya waridi na haijadhuru kitu, kwa sababu kila mtu anapaka kwake. Kliniki wakimpigia yeyote kati yetu, akibadilisha, sote tunaona. Saa tumekubaliana kuiandika mara mbili, ya simu kwa mahali pa saa, na ya shosho kwa jina la miadi: "saa mbili asubuhi". Kadi ya kliniki imebandikwa ukutani juu ya jiko, na shosho ndiye mwenye hiyo.

Sisemi kukopi kote ni kubaya. Kitu chako peke yako, ambacho hakuna mwingine anaweza kukihamisha, kopi mpaka uchoke. Siku yangu ya kufua naikopi. Lakini miadi yenye mtu wa pili ndani si yako kuitolea kivuli. Na uangalie: ukikopi miadi yenye wageni, wale wageni wanaweza kubebwa pia, na ukihifadhi bila kusoma unawatumia mialiko ya kitu hawajui.

Kwa nyinyi mnaopanga mambo hapa Silanga, Lindi, Laini Saba, mnaotengeneza mabango mazuri yenye rangi saba na logo nne: bango ni sawa, linapendeza, endeleeni. Lakini chini yake wekeni linki ya kalenda yenyewe, na mkihamisha siku, hamisheni hapo kwanza kabla ya kufungua WhatsApp. Mwezi huu nimeona mabango matano, na hakuna hata moja lenye linki. Ukinitumia mimi bango bila linki nitakuuliza linki iko wapi, na nitakuuliza mbele ya grupu.