Hoja Haingoji Joho

Jamani, tuache kudanganyana. Kuna msemo umezoeleka kwetu vijana tunaoandika: ati uhakiki na insha za hoja ni kazi ya wasomi wa Mlimani, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sisi wengine tutunge visa vya mapenzi, basi. Mimi nimeishia Kidato cha Nne, naandika riwaya, na msemo huo naukataa.

Tuanze na chuo chenyewe. Kijana anaingia mwaka wa kwanza, anafundishwa stadi za mawasiliano: utangulizi, kiini, hitimisho, na namna ya kutaja vitabu alivyosoma. Vizuri. Lakini mifupa si mwili. Miaka yote ya sekondari alinakili ubaoni, akakariri, akamrudishia mwalimu yale yale kwenye mtihani. Leo mhadhiri anamwambia, "Jadili." Ajadili na nini? Anakimbilia desa, anatoa kopi, anaandika jina lake juu. Si kwamba hana akili. Hajawahi kuulizwa yeye anaonaje, wala kudaiwa sababu.

Shuleni kwetu tuliambiwa mhusika mkuu wa riwaya ni mfano wa kuigwa. Nikauliza, mbona anampiga mkewe? Nikaambiwa nijibu kama ilivyo kwenye noti, la sivyo nitafeli. Hivi kweli, mtu aliyezibwa mdomo hivyo miaka minne, semina moja kwa wiki itamfungua?

Kuhakiki ni nini basi? Ni kusema: nadai hili, ushahidi wangu ni huu, anayenipinga angesema vile, nami namjibu hivi. Montaigne, yule Mfaransa aliyechapisha insha zake mwaka 1580, aliziita majaribio. Kujaribu kunataka cheti? Shaaban Robert hakusoma chuo kikuu, na *Kielezo cha Insha* akakitoa mwaka 1954.

Hata hapo Mlimani, walioandika kweli hawakungoja maksi. Mwaka 1969 wanafunzi walianzisha jarida lao, *Cheche*. Mwaka 1970 Issa Shivji, kijana wa miaka 24, akachapisha humo makala ndefu kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea chini kwa chini katika Tanzania ya Ujamaa. Mwaka huo huo *Cheche* likapigwa marufuku. Kilichotisha hakikuwa utangulizi wala hitimisho, bwana. Ni hoja.

Mtaniambia bila mhadhiri tutaropoka tu. Mhadhiri mzuri na maktaba ni neema, sibishi. Ila mazoezi ya kudai na kuthibitisha yanaweza kuanza darasa la tano, kwa Kiswahili, na yanaweza kuanza humu gazetini.

Maana humu nako tunasifiana mno. "Ndugu yangu, wewe kiboko!" Kiboko kwa lipi? Ukurasa gani? Sifa zisizo na sababu ndizo zinazotudumaza. Basi toleo lijalo niandikieni kurasa mbili za kunipinga. Zikija na ushahidi nitazisoma mara mbili. Zikija na matusi matupu, mama muuza vitumbua jirani yangu ana shida ya karatasi.