Kiti Kilichotolewa Kirudi Kama Kilivyokuwa

Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba gari ndogo ya abiria haina kazi moja. Alfajiri hupeleka samaki sokoni, asubuhi huchukua watoto wa skuli, mchana hubeba magunia ya mwani au ya karafuu, na jioni hupeleka vyombo vya bibi harusi. Ukitokea msiba, gari hiyo hiyo hutolewa viti vya nyuma ili jeneza lipate pahali pa kulazwa, na jamaa wakalisindikiza mpaka shamba. Hatuoni aibu yoyote katika mambo haya. Mwananchi asiye na uwezo wa kuwa na gari mbili huifanya moja itende kazi ya mbili, na huko ndiko kujitegemea. Kwa hiyo leo hatukukusudia kumlaumu mtu aliyetoa kiti. Tumekusudia kuuliza juu ya kukirudisha: ni nani aliyekirudisha, alikirudisha vipi, na ni nani aliyekitazama kabla ya abiria kukikalia.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kuwa habari za nati na boliti ni za gereji, wala hazistahili kuandikwa katika ukurasa huu. Sisi hatukubaliani nao. Wahenga walisema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende, na maisha ya abiria wa safu ya nyuma yanategemea vyuma vinne au sita visivyozidi urefu wa kidole, ambavyo abiria mwenyewe havioni.

Ni vyema tueleze mambo yalivyo. Kiti cha gari kilichotengenezwa kwa utaratibu hakikuwekwa juu ya bati tu. Bati la sakafu ya gari lina unene wa kama milimita moja, na lau kiti kingefungwa juu ya bati hilo peke yake, siku ya kishindo lingechanika mfano wa karatasi. Ndiyo maana mtengenezaji huweka chini ya sakafu chuma kinene cha kuimarisha, akatoboa matundu pahali maalumu, na akachagua boliti za kuingia hapo. Umoja wa Mataifa nao una kanuni zake juu ya jambo hili. Kanuna Namba 17 inahusu uimara wa viti vya gari na vishikizo vyake, na Kanuni Namba 14 inahusu pahali panapofungwa mikanda. Mataifa hayakukaa kuandika kanuni hizo kwa kukosa kazi nyingine.

Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuihakikisha. Kiti cha nyuma kimekaliwa na watu watatu wenye kilo 60 kila mmoja, na chenyewe kina kilo 30, jumla kilo 210. Gari inakwenda mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao dereva wetu huuita wa polepole. Ikajibamiza na kusimama ndani ya masafa ya mita moja. Ikiwa mikanda imefungwa kwenye kiti chenyewe, vile vyuma vinne vitavutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani mbili na zaidi kidogo. Na ikiwa abiria hawana mikanda, basi uzito wao utawatupa mbele, na kiti kilicholegea kitawafuata mgongoni. Huo ndio mzigo anaokabidhiwa fundi pale anapoambiwa, "Rudisha viti upesi, nina watoto wa skuli saa sita."

Sasa tutazame yanayotokea baina ya kutoa na kurudisha. Kiti kilichotolewa huachwa uani, mvua ikakinyeshea na kuku wakakifanya kiota. Boliti hutiwa katika kopo, na kopo likahamishwa na watoto. Siku ya kurudisha, boliti mbili hazionekani. Fundi hufungua boksi lake na kutafuta nyingine inayoingia tunduni, na ikiingia huwa basi. Lakini boliti mbili zilizo sawa kwa unene na urefu si lazima ziwe sawa kwa nguvu. Juu ya kichwa cha boliti mara nyingi huwa pamechorwa nambari. Yenye alama 8.8 huvumilia mvuto mara mbili ya ile yenye alama 4.6 kabla ya kukatika. Anayenunua bila ya kusoma alama hiyo anaweza kudhani kuwa amerudisha kiti kizima, kumbe amerudisha nusu ya uimara wake.

Wengine hukata shauri la kuchomelea. Hushusha miguu ya kiti juu ya bati, wakapiga moto, na kazi ikaonekana imara kwa macho. Moto huo hulidhoofisha bati jembamba kandokando ya mchomeleo na kuunguza rangi inayolikinga na kutu. Na sisi tunaishi kando ya bahari. Gari iliyobeba samaki au mwani mbichi imelowana maji ya chumvi, na maji hayo hayarudi baharini bali huteremka katika matundu ya boliti yaliyoachwa wazi, yakakaa humo. Miezi michache baadaye nati inakaza kutu badala ya kukaza chuma. Hata zile gari ambazo viti vyake vya nyuma hushikwa kwa makomeo badala ya boliti hazikusalimika, kwani mchanga, makumbi na magamba ya samaki huingia katika komeo likashindwa kufunga sawasawa, na dereva aliyesikia mlio wa chuma hudhani kuwa limefunga.

Liko na la tatu, nalo ni zito kuliko yote. Baadhi ya gari zinazoletwa kutoka Japani zikiwa kuukuu, kama vile aina ya Toyota HiAce, zilitengenezwa huko kwa ajili ya kuchukua mizigo. Nyuma zilikuwa na sakafu tupu. Gari ya namna hiyo ikigeuzwa kuwa ya abiria, viti vyake hutafutiwa matundu mapya ambayo mtengenezaji hakuyajua. Na mwenye gari akiona kuwa viti vinatoka na kurudi apendavyo, hushawishika kuvisogeza karibu karibu ili apate safu moja ya ziada. Hapo magoti ya watu hugusana na mgongo wa kiti cha mbele, njia ya kutokea huzibwa, na siku ya ajali au ya moto wa nyuma hawana pa kupita.

Katika safu hiyo ya nyuma hukaa nani? Si mwenye gari, wala si kiongozi. Mara nyingi hukaa watoto, kwa kuwa wao ni wepesi wa kupenya, na mama mwenye kikapu aliyeingia mwisho. Ni watu ambao hawana sauti ya kumwambia konda kuwa kiti kinacheza, na wakisema huambiwa washuke wasubiri nyingine. Jamii iliyofanya Mapinduzi ya 1964 kwa kudai utu wa mnyonge haiwezi kuridhika kuwa mnyonge huyo akalishwe juu ya kiti ambacho mwenye kukifunga asingemkalisha mwanawe.

Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kufundishwa kutoka mbali juu ya chombo kinachotumiwa kinyume cha kilivyoundwa. Tarehe 10 Septemba, 2011, ilizama Spice Islander katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, nayo ilikuwa imejaza kupita kiasi. Kabla ya mwaka kutimia, Julai 18, 2012, ikapinduka Skagit, meli iliyojengwa kwa ajili ya kuvusha abiria katika maji yaliyokingwa na nchi kavu huko Marekani, na sisi tukaipeleka katika bahari iliyo wazi. Siku zile kila mtu alisema kuwa chombo lazima kitumike kwa kadiri ya kilivyoundwa na kikaguliwe kabla ya safari. Maneno hayo yalikuwa ya kweli majini, na ni ya kweli barabarani vile vile. Tofauti ni kuwa meli inapozama taifa zima hulia, na kiti kinapong'oka hulia nyumba moja.

Tunajua hoja itakayotolewa. Wataambiwa viongozi kuwa wenye gari hizi ni watu wa hali ya chini, kuwa masharti yataongeza gharama, na kuwa nauli itapanda. Tunaiheshimu hoja hiyo, kwani wapo wanaoitoa kwa nia njema. Lakini boliti ya haki ni kitu cha bei ndogo mbele ya mafuta ya siku moja, na fundi huhitaji chini ya saa moja kuzianza boliti zote kwa mkono ili zisipande upande, kuzikaza kwa spana moja baada ya moja, kisha kukivuta kiti kwa nguvu zake zote mbele na nyuma. Kinachokosekana hapa si fedha, bali ni mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo tunatoa mwito wa mambo manne. Kwanza, ukaguzi wa gari za abiria usiishie kwenye taa, breki na matairi. Mkaguzi ainame, atazame chini ya sakafu, na ahesabu viti akilinganisha na idadi iliyoandikwa katika hati za gari. Pili, iwekwe njia halali na nyepesi ya kutoa viti kwa muda, ili mwenye gari asilazimike kufanya kazi hiyo kwa kificho usiku. Gari iliyotolewa viti ibebe mizigo, wala isichanganye mizigo na abiria waliokaa juu ya magunia, na kabla ya kurudi katika kazi ya abiria itazamwe na fundi anayetambulika, atakayetia saini yake. Saini ndiyo itakayomfanya asome nambari ya boliti. Tatu, vyuo vyetu vya mafunzo ya amali viifundishe kazi hii kama kazi, kwani vijana wengi wa gereji hawafanyi makosa kwa ubaya bali kwa kutofundishwa. Nne, kamati za skuli na za madrasa zinazokodi gari za watoto, pamoja na masheha, wawe na haki ya kuingia ndani ya gari na kukitikisa kila kiti kwa mikono yao, na dereva asihesabu jambo hilo kuwa ni kumvunjia heshima.

Kwa viongozi wahusika tunaongeza neno moja. Gari za Serikali na za Chama nazo hutolewa viti, zikabeba vipaza sauti, mahema na sare siku za mikutano, kisha zikarudishwa kuchukua watumishi na wageni. Ukaguzi na uanzie hapo. Raia akiona kuwa gari ya mkubwa imeinamiwa kabla ya yake, hatakuwa na la kusema. Lakini ikiwa sheria itamshika dereva wa shamba na kumpita dereva wa ofisi, basi itakuwa ni desturi nyingine ya kukusanya faini, na viti vitaendelea kucheza.

Na kwa ndugu zetu madereva, ambao husema kuwa ajali ni kudra ya Mwenyezi Mungu, tunasema kuwa kudra hatuipingi. Lakini kila aliyepita chuoni anakijua kisa cha bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga kwa madai kuwa amemtegemea Mola, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza amfunge kwanza ndipo ategemee. Dereva anayeomba dua kabla ya safari anafanya jambo jema. Na aiombe dua yake baada ya kukaza nati.